Maswali na majibu: imeili ikishatoka imetoka, iwekee breki mapema

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja, sheria za imeili zinazotoka, yaani unapanga mara moja kwenye kompyuta halafu kila ukibonyeza Send yenyewe inafanya kazi. Nimechagua haya. Kama hujui Outbox iko wapi, yaani sanduku la imeili zinazosubiri kuondoka, kaitafute kwanza ndo urudi hapa, maana humo ndo tutashinda leo.

Shikamoo fundi. Mimi ni mhasibu, ofisini tunatumia Outlook, programu ya imeili ya Microsoft. Kuna namna ya kufanya kila imeili ninayotuma isubiri kidogo kabla haijaondoka? (Mhasibu, Morogoro)

Marahaba. Ipo, na natamani kila anayeshika mishahara, tenda au mafaili ya wagonjwa awe nayo tangu siku ya kwanza kazini.

Kwenye Outlook ile ya zamani ya kompyuta nenda File, halafu "Manage Rules & Alerts", kisha "New Rule". Shuka chini penye sheria tupu uchague "Apply rule on messages I send". Next. Italeta orodha ya masharti, usitiki hata moja, bonyeza Next tena, itakuuliza kama kweli unataka iguse kila imeili unayotuma, kubali. Sasa tiki "defer delivery by a number of minutes", bonyeza yale maneno yaliyopigiwa mstari uweke dakika. Mwisho wake ni 120, mimi naweka 3. Ukurasa unaofuata ni wa zile zinazosamehewa, hapo tiki ya umuhimu na uchague High, ili siku una jambo la haraka kweli uiwekee alama ya High ipite bila kusubiri. Ipe jina, maliza.

Mambo ya kujua. Ukifunga Outlook kabla dakika hazijaisha, imeili inalala Outbox mpaka utakapoifungua tena, nimeshaona maombi ya tenda yakilala hivyo hadi asubuhi na mlango umeshafungwa. Ukiifungua humo Outbox ili urekebishe, lazima ubonyeze Send upya, ukiifunga tu itabaki hapo hapo. Na ile Outlook mpya haichukui sheria za namna hii, unabaki na "Undo Send", yaani nafasi ya kusitisha imeili ukishabonyeza Send, ambayo mwisho wake sekunde 10, kwa hiyo kama umeshahamia huko iweke hiyo 10 na usikae na chini ya hapo.

Sasa kwa nini nakomaa hivi. Miaka ya nyuma nilikuwa nahudumia kompyuta za kampuni moja Kariakoo, siku moja jioni napigiwa simu nikimbie uhasibu. Nafika nakuta dada wa pale amesimama nyuma ya meza ameshika waya wa mtandao, ameuchomoa kwa nguvu mpaka kile kiplastiki cha mwisho kimekatika. Alikuwa anamtumia mwenzake faili la mishahara, akaandika herufi tatu za jina, Outlook ikamalizia yenyewe, na jina lile lile analo mteja wao mmoja. Anasema aliona kosa kabla hata hajatoa mkono kwenye mausi. Nikafungua Sent Items, ipo pale juu kabisa. Faili lenyewe dogo, liliondoka kabla hajainuka kwenye kiti. Mishahara ya wafanyakazi wote, na namba zao za akaunti za benki. Mteja alipiga simu mwenyewe akasema ameifuta, tukamwamini kwa sababu hatukuwa na la kufanya. Dada akapewa barua ya onyo.

Kosa la imeili huwa unaliona ukishatuma, si wakati unaandika, ukiwa unaandika macho yako kwenye maneno hayapo kwenye anwani. Dakika 3 zingemtosha kabisa.

Nimetuma imeili kwa mtu siye, yuko nje ya ofisi yetu. Nairudishaje? (wasomaji sita, wiki moja)

Hairudi. Nimeshalijibu hili sijui mara ngapi na bado linakuja, na linakuja baada ya imeili kutoka, kwa nini haliji kabla?

Kile kitufe cha "Recall" kwenye Outlook kinafanya kazi ndani ya ofisi moja tu, watu wenye seva moja ya Exchange, ule mfumo wa Microsoft unaobeba imeili za ofisi. Mwaka 2023 Microsoft waliboresha kwa wanaotumia Exchange ya mtandaoni, siku hizi inaweza kuondoa hata iliyokwisha somwa, lakini bado ni ndani kwa ndani. Ukiituma kwa mwenye Gmail au benki au kampuni nyingine anachoweza kupata ni ujumbe wa pili unaosema fulani anataka kuirudisha imeili yake, na hapo hata aliyekuwa haijali ataifungua aone kuna nini.

Piga simu. Mwombe mtu aifute, halafu lisaa hilo hilo mwambie mkuu wako, usilale nalo. Kama ndani kuna taarifa za watu hii si aibu yako peke yako, ni suala la sheria. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wahusika unatakiwa uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023 na Tume yake ipo. Muda unahesabiwa wakati wewe bado unatafuta kitufe cha kurudisha.

Natumia Gmail ya kazini. Nimetengeneza filta ya imeili ninazotuma haifanyi kazi. (Arusha)

Filta za Gmail ni za zinazoingia. Nenda Settings, weka "Undo Send" sekunde 30, ndo kiwango cha juu, na zile nzito zitumie "Schedule send" uzipangie hata nusu saa mbele, zinasubiri kwenye seva ya Google kwa hiyo laptopu hata ukiizima zitaondoka.

Bosi anataka awe kwenye kopi ya kila imeili ninayotuma. Niweke sheria ya kujiweka yenyewe? (Afisa mauzo, Nakuru)

Inawezekana, ni pale pale kwenye sheria za zinazotoka, tiki "Cc the message to people or public group" uweke anwani yake. Ila nisikilize kwanza.

Kopi ya kila kitu hakuna anayeisoma. Bosi atapata imeili arobaini zako kwa siku, na za wenzako wote, wiki ya pili atatengeneza foda azitupe huko. Halafu likitokea tatizo wewe unasema "ulikuwa kwenye kopi" na yeye anasema "hukuniambia", na wote mna haki. Kumweka mtu kopi siyo kumwambia, jamani. Hii tabia imeharibu ofisi nyingi, kopi imegeuka ngao, mtu hafanyi uamuzi mpaka ajaze majina sita pale juu.

Na hatari yenyewe hii hapa: sheria haijui unaandika nini. Siku utakayowaandikia rasilimali watu kumlalamikia bosi huyo huyo, au daktari wako, kopi itaenda kwake na hutaiona ikienda. Mwombe mkubaliane aina ya imeili anazozihitaji, mfano zenye neno "nukuu ya bei" kwenye kichwa cha habari, sheria iguse hizo peke yake. Zilizobaki mpe muhtasari kila Ijumaa.

Basi nifanyeje sheria iweke Bcc badala ya Cc? (Mwanza, na mwingine hakusema alipo)

Sheria za Outlook kwenye kompyuta yako hazina Bcc, ile kopi ya siri ambayo wapokeaji wengine hawaoni anwani yake. Fundi wa seva anaweza kuiweka kwenye sheria za Exchange, na huko ndo mahali pake kwa sababu anayeidhinisha ni ofisi, si wewe kwa siri.

Lakini kwa kuwa mmeigusa Bcc, ngoja niseme. Wengi mnatuma tangazo kwa wateja mia mbili mnawabandika wote kwenye To. Septemba 2021 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilifanya hivyo hivyo kwa Waafghani 245 waliokuwa wanastahili kuhamishwa baada ya Taliban kushika nchi. Anwani zote wazi kwenye To, watu 55 picha zao ndogo zikionekana, na wawili wakajibu kwa wote, mmoja wao akataja alipo. Fikiria mtu amejificha halafu ofisi inayotakiwa kumwokoa inamtangaza. Desemba 2023 mdhibiti wa taarifa wa huko aliwapiga faini ya pauni 350,000. Hapakuwa na mdukuzi yeyote, anwani zilikaa kwenye sanduku siyo.

Kwa orodha ndefu tumia programu ya kutuma tangazo, inayompa kila mtu imeili yake peke yake. Bcc yenyewe siiamini sana, siku moja kidole kitateleza.

Nina anwani mbili zinafanana, nazichanganya kila siku. (Dodoma)

Ukianza kuandika jina Outlook inaleta mapendekezo, pembeni ya kila jina kuna alama ya X, futa ile usiyoihitaji. Halafu tengeneza sheria ya kusubiri yenye sharti la neno kwenye anwani ya mpokeaji, hiyo ipe hata dakika 15. Na usidharau herufi moja: jeshi la Marekani anwani zao zinaishia na .mil, na Julai 2023 ilitangazwa kwamba imeili zao nyingi zimekuwa zikienda .ml, ambayo ni ya nchi ya Mali.

Nasahau kuambatanisha faili. Outlook si inakumbusha yenyewe? (Mwalimu, Tanga)

Inakumbusha ikiona umeandika kwa Kiingereza kwamba umeambatanisha. Kwangu mimi nikiandika "nimeambatanisha" au "tafadhali pokea faili" inakaa kimya kabisa, na ofisi zetu nyingi zinaandikiana Kiswahili, hili linanikera maana ni jambo dogo kulirekebisha. Kwa hiyo mwalimu badilisha mpangilio: faili kwanza, maneno baadaye, anwani mwisho wa yote. Imeili isiyo na anwani haiwezi kutoka hata ukigusa Send kwa bahati mbaya. Na ile sheria ya dakika 3 iwepo, ukikumbuka faili unaikuta bado Outbox.

Naacha kazi mwezi ujao. Nataka sheria ya kunipelekea kopi ya kila imeili kwenye Gmail yangu binafsi. (hakutaja alipo)

Sikusaidii hilo. Zile ni taarifa za mwajiri na za wateja, ukizibeba unaweza kujibu mbele ya zile sheria za ulinzi wa taarifa nilizozitaja juu, na unaacha alama, seva inaandika kila kinachotoka. Microsoft 365 siku hizi fowadi ya moja kwa moja kwenda nje imefungwa tangu mwanzo mpaka fundi aifungue, na imefungwa kwa sababu wezi wakishaingia kwenye imeili ya mtu sheria ya kufowadi ndo kitu cha kwanza wanachoweka. Hebu hata wewe ambaye huachi kazi, leo fungua orodha ya sheria zako, ukikuta usiyoijua ifute, badilisha nywila, mwite fundi. Barua zako za uthibitisho na za mshahara omba kwa maandishi, wakupe.

Naenda likizo, jibu la moja kwa moja niandikeje? (Muuguzi, Mombasa)

Fupi. Kwamba haupo, nani ashughulikie, basi. Usiandike unaenda wapi, usiweke namba yako binafsi, usiseme "mhasibu mkuu pia hayupo hadi tarehe 20". Jibu hilo linamfikia kila anayekuandikia hata tapeli, na tapeli akijua mwenye kuidhinisha malipo hayupo ndo anaandika kwa msaidizi: akaunti yetu ya benki imebadilika, lipa huku. Outlook inakuruhusu jibu moja la ndani na jingine la nje, tumia yote mawili, maelezo yabaki ndani, la nje liwe sentensi mbili. Gmail nayo ina tiki ya kuwajibu waliopo kwenye orodha yako tu.

Yale maneno ya "imeili hii ni siri" yanayojiweka chini yanasaidia? (Iringa)

Hayamzuii mtu kusoma, ameshasoma kabla hajafika huko chini.

Sheria yangu ya dakika 3 inafanya kazi kwenye kompyuta ila nikituma kwa simu inaondoka papo hapo. (Mbeya)

Kwa sababu inakaa kwenye kompyuta yako, simu haiijui. Ya kuzigusa zote inawekwa kwenye seva, na fundi wa ofisi ndo mwenye ufunguo. Mwombe kwa maandishi aweke sheria kwamba imeili inayokwenda nje yenye neno "mishahara" kwenye kichwa au ndani isimame mpaka mkuu wako aidhinishe. Ofisi yenye Exchange ya mtandaoni uwezo huo inao tayari, ni kazi ya robo saa. Mpaka atakapoiweka, faili la mishahara usilitume ukiwa kwenye daladala, subiri ufike mezani.