Mwaka wangu kwenye kituo cha maziwa

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Kijana amemaliza kidato cha sita na chuo hataanza mpaka mwakani. Mwaka huo autumie vipi usipotee?" Mimi nilikaa nyumbani Muheza mwaka mzima, kuanzia Septemba 2017 hadi Oktoba 2018, bila kupanga kukaa. Nitajibu kwa niliyoyapitia.

Nilifanya mtihani mwezi Mei, Juni nikaenda JKT Mafinga pamoja na wenzangu wa mujibu wa sheria. Nilirudi nimekonda, na sauti imekauka kwa kuimba chenja kwenye baridi ya Iringa. Matokeo yalikuwa mazuri na nafasi ya kusoma famasia nilipata. Kilichokwama ni mkopo. Kwenye vyeti vya shule jina la baba limeandikwa kwa "a" mbili, kwenye cheti cha kuzaliwa lina moja. Tulipokuja kugundua, muda wa kuomba ulikuwa umepita, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kulipa ada ya chuo kutoka mfukoni. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia kijana yeyote ni hili: fungua bahasha ya vyeti vyako leo, viweke vyote mezani, usome jina lako herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, nenda kwa wakili mapema ukaape kiapo cha majina, uhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, na ufuatilie kitambulisho cha NIDA. Kazi hizo zinakula wiki nyingi kuliko mtu anavyodhani, hasa ukiwa wilayani na kila safari ni nauli.

Miezi miwili ya mwanzo niliipoteza, na ninajua ilikwenda wapi. Msichana aliye nyumbani hana ratiba. Mtoto wa dada anaumwa, unabebeshwa wewe. Kuna msiba mtaa wa pili, unatumwa wewe ukapike. Wageni wakija, kuni zikiisha, bibi akihitaji mtu wa kumsindikiza hospitali, jina linaloitwa ni lako, kwa sababu "si upo tu". Nilifanya yote kwa moyo, maana ni nyumbani kwetu. Lakini ilipofika Novemba sikuwa nimesoma ukurasa mmoja, na washenga walikuwa wameanza kumpigia baba hodi. Kaka yangu alipomaliza shule alikaa nyumbani miezi kama hiyo, na hakuna aliyemtuma chochote baada ya chakula cha mchana. Wazazi wanaosoma jibu hili, naomba mlitazame hilo. Mabinti wengi mwaka wao hauharibiwi na uvivu. Unaliwa na kazi za nyumba kidogo kidogo mpaka unakwisha.

Aliyeniokoa ni mjomba. Yeye ni mfugaji, na chama chao kina kituo cha kukusanyia maziwa ambapo dada anayepokea na kuandika alikuwa anakwenda likizo ya uzazi. Mjomba alikuja nyumbani, akakaa barazani na mama, akamwambia: "Dada, nipe huyu mtoto kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka saa saba mchana. Baada ya hapo ni wako." Mama akakubali. Posho ilikuwa shilingi elfu tatu kwa siku. Sikuwahi kushika pesa yangu kabla ya hapo.

Kazi yenyewe si kubwa kuieleza. Wafugaji wanafika kabla jua halijapanda, kwa baiskeli, bodaboda na miguu, kila mmoja na kopo lake. Unanusa, unatazama rangi, unachovya laktomita, kifaa kinachoelea kwenye maziwa na kuonyesha msongamano wake, yaani uzito wake kwa ujazo. Halafu unachanganya maziwa kidogo na spiriti kwa kipimo sawa. Yakifanya chembechembe, yameanza kuchacha, hayaingii tangini. Yaliyopita unayapima lita, unaandika kwenye daftari la kituo na kwenye kadi ya mfugaji, kisha yanamiminwa kwenye tangi la kupoozea mpaka yafike nyuzi 4. Malipo ni mara mbili kwa mwezi. Ukikosea nusu lita asubuhi, siku ya malipo mama mmoja anapungukiwa fedha ya sare ya mtoto, na atakuja kukuuliza wewe, si mwingine.

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko zote. Alikuja mzee mwenye ng'ombe mmoja tu, anayeleta lita sita kila siku bila kukosa. Laktomita ikasoma 26. Kiwango chetu kilikuwa 28, chini ya hapo ni dalili ya maji. Nikamwambia, mbele ya foleni nzima, kwamba maziwa yake siwezi kuyapokea. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Mjukuu wangu, unaniita mwizi?" Akafunga kopo lake, akageuza baiskeli.

Msimamizi alipokuja saa tatu nikamweleza, akauliza swali moja: yalikuwa na joto gani? Sikuwa nimepima. Mzee yule anakaa karibu, maziwa yake yanafika yakiwa na joto la kiwele bado. Laktomita ile imetengenezwa kusoma sawasawa maziwa yakiwa na nyuzi 20. Yakiwa na joto zaidi yanakuwa mepesi, na kwa kila nyuzi moja inayozidi unaongeza 0.2 kwenye kipimo. Kama yalikuwa na nyuzi 32 tu, 26 yake ilikuwa 28.4. Maziwa safi kabisa. Kipimajoto kilikuwa kwenye droo, sentimita chache kutoka mkono wangu.

Jioni nilikwenda nyumbani kwake na msimamizi. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikamwambia kosa ni langu na nitalisema mbele ya watu walewale waliolisikia. Asubuhi iliyofuata nililisema. Mzee akaitikia, "Marahaba, yameisha," akatoa kopo lake nami nikapima joto kwanza, huku foleni yote ikinitazama. Nilikuwa nimesoma fizikia miaka sita. Fomula ya msongamano, masi kugawa kwa ujazo, niliiandika kwenye mitihani nisiyoweza kuihesabu na nikapata vema kila mara. Sikuwahi kufikiri kwamba ukiitumia nusunusu unaweza kumvunjia mtu heshima kijijini kwake.

Ndiyo maana jibu langu kwa swali lenu ni fupi kuliko maelezo yake: mtafutie kijana kazi moja ambayo asipofika kuna mtu ataumia. Isiwe kazi ya kujaza muda. Inaweza kuwa kujitolea zahanati kwenye dirisha la kadi, kushika daftari la kikoba cha kina mama, kufundisha hesabu watoto wa darasa la saba kwa mpangilio unaojulikana, kusaidia duka la pembejeo. Fedha ikiwa ndogo si neno, ila awepo mtu mzima anayeweza kumwambia "hapa umekosea" na kumwonyesha.

Kozi fupi sizipingi. Anayetaka ufundi wa umeme, ushonaji au udereva, VETA wapo na atatoka na kitu mkononi. Ninachopinga ni kukusanya vyeti. Rafiki yangu alisoma kompyuta miezi mitatu, Kiingereza miezi miwili, na ujasiriamali wiki mbili, akabandika vyeti vyote ukutani. Kompyuta hakuigusa tena mpaka alipofika chuo, na huko ilibidi aanze upya kabisa. Ada ile mama yake aliipata kwa kuuza machungwa barabarani. Inaniuma mpaka leo.

Mchana baada ya kazi nilikuwa nasoma, lakini sasa nikiwa na maswali yangu mwenyewe. Kwa nini maziwa ya asubuhi ni mengi kuliko ya jioni? Kwa nini ng'ombe mgonjwa wa kiwele maziwa yake yanabadilika ladha? Kwa nini tunatupa yaliyochacha wakati bibi zetu waligandisha mtindi humohumo? Nilipofika mwezi wa kuomba chuo tena nilikaa na fomu muda mrefu. Famasia nilikuwa nimeiomba kwa sababu dada wa jirani aliisoma, hiyo tu. Safari hii niliandika sayansi ya chakula, Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Baba alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza, "Hiyo ndiyo ile ya maziwa?" Nikasema ndiyo, na mengine. Mkopo nilipata; "a" zote zilikuwa mahali pake.

Sasa nimerudi Tanga kikazi, na Jumamosi huwa napita Muheza. Wiki iliyopita mama mmoja jirani yetu alinisimamisha: binti yake amemaliza kidato cha sita, ana mwaka mzima mbele, na tangu arudi hajaketi, anapika na kulea wadogo zake. Nilikaa naye barazani kama mjomba alivyokaa na mama. Binti anaanza kituoni Jumatatu, mpaka saa saba mchana. Nimemwonyesha droo ya kipimajoto.