Soma ukubwa wa diski kabla ya kuandika clean

Leo jioni nimemdaka kijana wetu mmoja kidole kikiwa juu ya Delete. Mteja kaleta laptop ihame kutoka Windows 10 kwenda 11, flashi imewaka vizuri, halafu usakinishaji umegoma: diski ina jedwali la MBR, ramani ya zamani ya patisheni (vipande vya diski), ila flashi imewaka kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine, inayotaka ramani mpya ya GPT. Dawa anayoijua ni moja tu, kufuta patisheni zote na kupiga Windows upya. Nikamuuliza, "Bekapu ya mteja iko wapi?" Akabaki anatazama skrini.

Wadogo zangu, nawapenda, ila hili linanichosha. Tangu Microsoft ifunge msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine za namna hii haziishi mezani, na kosa ni lilelile nililolifanya mimi.

1. MBR haifutiwi diski. Toa flashi, washa Windows yake ya zamani, fungua CMD (dirisha la amri) kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS, inayopima kama diski inaweza kugeuzwa GPT bila kufutwa. Ikikubali ndipo uweke /convert badala ya /validate, kisha uingie BIOS utoke Legacy, njia ya zamani ya kuwasha, uende UEFI. Ikikataa, hesabu patisheni: haitaki zaidi ya tatu za msingi, na laptop nyingi zimeshajaza nne. Kama BitLocker, kufuli la Windows la kufunga data za diski, imewashwa, isimamishe kwanza, na ule ufunguo wa tarakimu 48 mteja awe nao mkononi kabla hujagusa chochote.

2. Soma ukubwa wa diski, usisome namba yake. Hapa mnivumilie.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Mpiga picha za harusi alileta desktop yenye diski mbili, SSD ndogo ya mfumo na nyingine ya TB 1 ya picha. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, kusafisha SSD na kupiga Windows. Nikabonyeza Shift na F10 kufungua dirisha la amri, nikaandika diskpart, programu ya kupanga diski, kisha list disk. Orodha ikaja: Disk 0, GB 931. Disk 1, GB 111. Ilikuwa mbele ya macho yangu, ila vidole vilishazoea kwamba Disk 0 ndiyo ya mfumo. Select disk 0. Clean. Diskpart haikuulizi kama una uhakika. Inatekeleza, inakupa mstari mmoja wa kukupongeza, basi.

Niliporudi kwenye dirisha la kuchagua diski, GB 931 zote zilikuwa tupu. Mikono ikaanza kutoka jasho.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mpaka hapo picha zilikuwa bado zipo. Clean tupu inafuta jedwali la patisheni, mafaili yenyewe haiyagusi. Ningezima mashine, nikachomoa ile diski na kuipitisha kwenye TestDisk, programu ya kurudisha patisheni zilizopotea, katika kompyuta nyingine, kuna uwezekano mkubwa patisheni ingerudi na mafolda yake. Lakini bosi alikuwa hatua tano nyuma yangu akiongea na mteja, na niliogopa kumwambia. Nikatengeneza patisheni mpya, nikafomati, nikasubiri aondoke. Usiku nikaendesha programu ya kurejesha mafaili, na ilipouliza niyahifadhi wapi, sikuwa na diski nyingine kubwa ya kutosha. Nikaielekeza kwenye diski ileile. Kila picha iliyorudi ilikaa juu ya nyingine iliyokuwa inangoja zamu yake. Nilikesha nikiziangamiza kwa mkono wangu nikidhani naziokoa.

Kilichopatikana ni maelfu ya mafaili yasiyo na majina, herufi f na tarakimu nyuma yake, harusi zimechanganyika na kipaimara na mahafali. Nyingine zilifunguka nusu: juu shela na paji la uso la bibi harusi, chini kijivu kitupu.

Asubuhi nilimwambia bosi, kisha mteja. Hakupiga kelele. Aliuliza harusi moja tu, ile ambayo wenyewe walikuwa hawajachukua albamu. Tulikaa naye Jumapili mbili tukiipanga, na haikutimia.

Kwa hiyo chomoa waya wa diski isiyohusika kabla hujawasha flashi. Na ukikosea, usiandike chochote juu ya diski hiyo, njoo uniite, hata kama nakula.

3. Windows ikikwambia haikuweza kusasisha patisheni ya mfumo, ujue ile ya MB 100 imejaa. Kama diski ni GPT, ifungue kwa mountvol y: /s na ufute yaliyomo kwenye folda ya Fonts ndani ya EFI\Microsoft\Boot.

4. C ikigoma kuongezeka wakati nafasi tupu unaiona, angalia katikati ya C na nafasi hiyo. Mara nyingi amekaa patisheni ya urejeshaji. Usimfute kabla ya amri ya reagentc /info kukuonyesha kama ndiye anayetumika. Laptop ya leo nayo ina lake, tumeihesabu na kijana tukakuta patisheni nne, ya nne ikiwa ya kiwandani. Tumempigia mteja, amekubali iondoke, ila baada ya bekapu. Diski ya nje iko mezani inapokea mafaili yake, imefika GB 140 sasa hivi, na kijana amegoma kwenda nyumbani mpaka iishe.