Maswali na Majibu: Jasusi wa Filamu na Watu wa Mtaani

Barua nne za mwezi huu zinamhusu jasusi wa kwenye filamu na watu anaokutana nao njiani. Tumezijibu pamoja.

Wahariri, habari za kazi. Naandika skripti ya jasusi anayefukuzwa. Kuna sini anamsimamisha bodaboda Buguruni, anamshusha na kuondoka na pikipiki. Wenzangu wanasema haiingii akilini. Mbona filamu za nje wanafanya hivyohivyo na tunashangilia? – Msomaji, Tabata

Wenzako hawajakosea. Kule nje mwenye gari hana jina, hana la kusema, na akishashushwa hatumwoni tena. Mwandishi alichotaka ni gari tu. Mtazamaji wa Dar hawezi kumsahau kirahisi hivyo, kwa sababu Buguruni anaijua. Bodaboda yuko kijiweni na wenzake saba au wanane, na pikipiki yenyewe pengine ni ya tajiri anayesubiri hesabu jioni. Akipiga ukelele mmoja wa “mwizi!”, jasusi wako hafiki kwenye taa. Nyuma zinamfuata pikipiki sita, mbele watu wanatoka madukani na mawe. Ukiiandika hivyo filamu imekwisha dakika ya kumi.

Mpandishe nyuma kama abiria. Mtu mwenye haraka hamshangazi bodaboda yeyote. Tena waache wapatane kwanza: Posta elfu tano, huyu anasema tatu, yule anashuka mpaka nne. Mtazamaji anawaona wanaomfukuza jasusi wakitokea kwenye kona, na wawili hawa bado wanavutana kwenye buku moja. Hofu hiyo haikugharimu hata senti. Kisha dereva anampa abiria helmeti, na helmeti inaficha uso, jambo ambalo jasusi alilihitaji na hakuweza kuliomba.

Kuna kosa moja tunaliona sana hapa: jasusi anatoa noti ya elfu kumi na kuondoka bila kudai chenji. Abiria wa namna hiyo kijiwe kizima kitamzungumza wiki nzima. Kama unataka anaswe baadaye, mfanye alipe hivyo, na wafukuzaji wakifika kuuliza hilo ndilo litakuwa jibu la kwanza. Kama unataka apotee, adai chenji yake.

Kwenye filamu majasusi hupeana vitu kwenye benchi la bustani, watu wanapita wala hawaoni. Kweli watu hawaoni? – Msomaji, Kigamboni

Mara nyingi hawaoni, maana kila mtu ana shida zake. Lakini kuna bahati mbaya. Mwaka 1953 huko Brooklyn, New York, kijana muuza magazeti akiwa katika kukusanya malipo aliangusha sarafu ya senti tano, ikaachana vipande viwili. Ndani mlikuwa na picha ndogo mno yenye safu za tarakimu. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilikaa nayo miaka minne bila kuweza kuisoma, mpaka mwaka 1957 jasusi wa Kisovieti, Reino Häyhänen, alipojisalimisha kwa Wamarekani. Mwaka huohuo akakamatwa mkubwa wake, aliyejiita Rudolf Abel. Sarafu ile iliingia kwenye mzunguko kama chenji ya kawaida, na mtu wa kwanza kuigundua alikuwa kijana wa magazeti.

Kwa filamu ya hapa, achana na benchi. Benchi lenye kivuli mjini halikai tupu, na ukikaa utasemeshwa. Wapeleke kwenye kivuko cha Kigamboni: geti likifunguliwa abiria wanasukumana kama dakika mbili, na mifuko miwili inayofanana inaweza kubadilishana mikono bila mtu kugeuka. Piga shoti ya karibu ya mikono tu. Usitumie rambo la plastiki, lilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na mtazamaji atalikazia macho hilo badala ya kitendo.

Tunapiga sini ya jasusi kumfuata mtu Kariakoo, katikati ya watu wa kweli, kamera moja. Kila tukianza, watu wanaitazama kamera, wengine wanapunga mkono. Tufanyeje? – Kikundi cha vijana, Temeke

Iondoeni kamera machoni pa watu. Mpiga picha akae ghorofa ya kwanza, au ndani ya Bajaji iliyoshushwa turubai, na lenzi ya milimita 135 kwa kamera ya sensa kubwa. Kwa umbali wa mita 25 hivi mtu anaingia mzima kwenye fremu, kichwa mpaka miguu, na nafasi inabaki. Kamera ikae kwenye stendi: kwa lenzi ndefu, mkono ukitetemeka kidogo tu picha nzima inayumba.

Watu wa kweli wawe nyuma. Waigizaji wawili wazungukeni na ekstra wenu, yaani watu wa kujaza mandhari, kumi au kumi na wawili, na kila mmoja apewe shughuli. Ukimwambia mtu “pita tu”, atapita kama anayekaguliwa. Mwambie “unatafuta zipu nyeusi ya inchi nane na umeshakosa maduka mawili”, utaona anavyogeuza shingo. Wabadilishieni shughuli baada ya kurudia sini mara tatu, kwa sababu ekstra akishazoea hujua kinachokuja. Katika North by Northwest ya mwaka 1959, kwenye mgahawa wa Mount Rushmore, mtoto aliyekaa nyuma anaziba masikio kabla bastola haijalia. Filamu ni ya Alfred Hitchcock mwenyewe, na mtoto yumo mpaka leo.

Sauti itawatesa kuliko picha. Spika za maduka zinapiga nyimbo, na mkikata toka shoti moja kwenda nyingine wimbo unaruka, hata asiyejua filamu anasikia. Waombeni wenye maduka ya jirani wazime dakika kumi, waigizaji wavae maiki ndogo ndani ya nguo, kisha rekodini mtaa mtupu, bila mazungumzo, dakika moja nzima. Hiyo mtaitandika chini ya shoti zote.

Kabla ya yote, kibali cha Bodi ya Filamu, kisha ofisi ya serikali ya mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu. Bastola bandia iacheni nyumbani. Na mtu asikimbie! Kariakoo anayekimbia huku anafuatwa ana jina moja tu, na watakaompiga hawatauliza kama kuna kamera. Atembee haraka; mbio pigeni kwenye uchochoro mlioufunga wenyewe.

Kwa nini majasusi wa filamu hawasalimii watu? – Msomaji, Mbagala

Kwa sababu mwandishi anaona salamu inapoteza muda. Hapa kwetu asiyesalimia ndiye anayekumbukwa. Jasusi akifika gengeni kwa mama wa makamo, aanze na shikamoo, asubiri marahaba, anunue fungu la nyanya, ndipo aulizie nyumba anayoitafuta. Mama atamwangalia, atafunga nyanya taratibu, halafu atauliza: “Kwani wewe ni nani yake?” Jibu la swali hilo liandikwe kabla jasusi hajafika gengeni.