Usitafute Machame, tafuta Madschame

Usiku wa kwanza wa kutafuta picha na vitabu vya zamani vya Uchaggani, Kilimanjaro, niliandika "Machame" kwenye kisanduku cha kutafutia cha maktaba moja ya kidijitali ya Ulaya. Vikaja vitu viwili vitatu visivyonihusu, nikafunga nikiamini hawana kitu. Kumbe mali ilikuwepo, ila Wajerumani waliandika Madschame. Moshi kwao ni Moschi, Wachagga ni Dschagga. Tena vitabu na ripoti zao nyingi zilichapwa kwa herufi za Kigothi, ambazo s yake ndefu inafanana sana na f, hivyo kompyuta ikizisoma huweza kugeuza Moschi kuwa Mofchi. Andika na hilo kosa. Mimi limenifungulia kurasa ambazo tahajia sahihi ilizificha.

Tangu hapo sipimi tena maktaba kwa wingi wa picha zake. Nasoma maelezo kwanza. Wameacha maneno ya mpiga picha mwenyewe, au wametuwekea tafsiri tu? Mwaka umetoka wapi? Kwenye mkusanyiko wa picha za wamisionari wa University of Southern California zimo za Misheni ya Leipzig, Walutheri wa Ujerumani waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Picha ikipewa kipindi cha miaka ishirini, usiidharau. Mwenye kuiorodhesha amekuwa mkweli. Mwaka mmoja usio na ushahidi ndio wa kuogopa.

Majina nayo huhama. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, na mji tunaoujua ukakua huko chini tambarare. Picha ya "Moschi" ya kabla ya hapo kwa kawaida ni Old Moshi, juu mlimani. Nimeona watu wakiisambaza kama picha ya mjini.

Halafu, tafadhali, chapisha picha uipeleke kijijini. Nilimpelekea babu moja ambayo maelezo yake yalisema ni kijito kati ya migomba. Aliisogeza mlangoni penye mwanga, akafuata ule mstari wa maji kwa ukucha, polepole, mpaka ukingoni mwa karatasi.

"Mjukuu wangu, huu si mto. Ni mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Umechimbwa na watu."

Akataja ukoo uliouchimba. Nimeyaandika maneno yake nyuma ya nakala pamoja na tarehe, na barua kwa wenye maktaba nimeshaituma.