Kuku mchanganyiko na mbuzi eneo moja: yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza kama kuku wa kienyeji, chotara, bata na batamzinga wanaweza kukaa eneo moja na mbuzi wako. Nimefuga hivyo miaka saba. Inawezekana kwa wote ila batamzinga, na usihofu sana ugomvi wao. Hofia chakula.

Mwaka wa pili niliacha mlango wa banda la kuku wazi, nikaenda kuchota maji. Mbuzi jike mwenye mimba akaingia, akala karibu nusu debe ya chakula cha kuku wa mayai. Jioni nikamkuta amesimama pembeni, hacheui, anasaga meno, ubavu wa kushoto umetuna. Nilipoubonyeza kwa kidole palibaki shimo, kama unga uliokandwa. Nikadhani ni gesi, nikasema nimwangalie hadi asubuhi. Hakufika. Nafaka iliyosagwa huchacha haraka kwenye tumbo kubwa la mbuzi, ikatoa asidi inayoingia hadi kwenye damu. Huyo mbuzi naumia kumkumbuka hadi leo. Kwa hiyo wako akishakula, usingoje atune: muondolee nafaka yote, mwekee majani makavu, umwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Sasa kuku wangu wanakula kwenye kibanda ambacho tundu lake liko juu, wao huruka wakaingia. Bata wana chombo chao, nao nawalisha nikiwa nimesimama pale pale.

Humo kibandani hakuna chakula cha kuku wa mayai. Kina kalsiamu karibu asilimia 4, na vifaranga wakikizoea kinawaharibu figo. Wote nawapa cha kukuzia, halafu naweka maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa kwenye kopo la pembeni. Matetea wanaotaga wanayafuata wenyewe, jogoo hana habari nayo.

Bata wawekee beseni mbali na banda la kuku. Wakilowesha maranda, vifaranga wanaweza kuanza kuhara damu. Tena bata anaweza kubeba kirusi cha kideri, ugonjwa unaoua kuku, akaonekana mzima kabisa, kwa hiyo chanjo ya kuku usiiruke. Kuku mgeni mtenge siku 30 kwanza.

Usiku, mbuzi na kuku kila mmoja kwake. Kuku akilala juu ya hori, kinyesi chote kinaishia kwenye majani na maji ya mbuzi. Mchana waache wachanganyike, utafurahi: kuku wanadonoa kupe miguuni mwa mbuzi na kuchakura samadi wakila funza kabla hawajawa nzi.

Batamzinga ndio nakuomba uwatoe kwenye mpango huu. Kuku hubeba minyoo midogo ya utumbo ambayo mayai yake yana kimelea kinachoshambulia ini la batamzinga. Kuku mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili, lakini batamzinga anainamisha mabawa, anaharisha njano kali, anakufa. Mayai hayo hukaa udongoni miaka, kwa hiyo hata kuwahamishia pale kuku walipokuwa mwaka jana hakusaidii. Kama tayari unao, nieleze ni upande gani wa eneo lako ambao kuku hawajawahi kukanyaga, tuanzie hapo.