Binti yangu anasema kofi la wivu ndiyo mapenzi. Je, tamthilia ni haramu?

SWALI: Assalamu alaykum, Maalim. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora, Tanga. Kila siku baada ya Isha mimi na binti yangu wa miaka 15 huangalia tamthilia za Kituruki na za Kihindi zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Wiki iliyopita bibi yake alikuwa akitusimulia habari ya jirani aliyepigwa na mumewe, binti yangu akadakia: "Lakini bibi, si amempiga kwa wivu? Asiye na wivu hakupendi." Baba yake alikuwa mlangoni, akasikia. Usiku ule ule akachomoa king'amuzi akakiweka juu ya kabati, akasema nyumba hii tamthilia ni haramu. Ila Jumamosi hukishusha aangalie mpira. Mimi nimemwambia yale ni maigizo tu, kila mtu anajua. Nani kati yetu yuko sawa?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Nianze na hukumu, maana najua ndiyo mnayoisubiri, na haina urefu. Kutazama mchezo au hadithi inayoigizwa si haramu kwa sababu tu ni mchezo. Bi Aisha (r.a.) ameeleza, na Bukhari na Muslim wameipokea, kwamba Mtume (s.a.w.) alimsitiri kwa shuka yake naye akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini, mpaka akachoka mwenyewe. Haramu huingia na kile kilichomo: uchi, zinaa iliyopambwa, dini inayodhihakiwa, sala inayopitwa na wakati kwa sababu "kipande kimefika patamu". Hayo ukiyaona, zima au ondoka. Suratun Nur aya ya 30 na ya 31 zimemaliza maneno, kwa wanaume na kwa wanawake. Kwa hiyo mumeo hakupatia alipoharamisha zote kwa mkupuo mmoja, na hilo la Jumamosi atalijibu mwenyewe.

Lakini wewe nawe, mwanangu, hilo neno "ni maigizo tu" ndilo lililonifanya niandike kwa urefu.

Panda gari hapo Tanga uende Korogwe, kisha ukwee milimani mpaka Vugiri. Huko huko kwetu, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza waliweka makao ya mradi wa kutengeneza sinema za kuwaonyesha Waafrika. Walitengeneza filamu 35, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Nyingine zilihusu kilimo, nyingine kuweka akiba posta, nyingine minyoo ya safura. Mtawala hakupandisha mitambo mlimani ili tupunge hewa. Alitaka mwenendo wetu ubadilike, na aliona picha itafika pale ambapo amri ya bwana shauri haifiki. Kampuni za sigara za Marekani nazo zililipa ili sigara ionekane mkononi mwa mwigizaji, mpaka makubaliano ya mwaka 1998 yalipowakataza. Kama yale ni maigizo tu, tajiri yule alikuwa akinunua nini?

Na sitaki ufikiri kwamba hii kazi ni ya shari peke yake. Wenye umri wangu wanaukumbuka mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993. Kituo cha Dodoma hakikuurusha miaka ya mwanzo, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe. Kule uliposikika watu walianza uzazi wa mpango kwa wingi zaidi kuliko kule ambako haukusikika. Mkwaju, yule dereva wa lori na wanawake wake wa njiani, hakuwa mtu wa kweli, lakini tulimjadili barazani kama jirani. Hiyo ni sauti tupu, haina hata picha.

Sasa njoo kwenye dini yako. Kuna hadithi ya Hudhaifa (r.a.) katika Sahihi Muslim: fitna huletwa juu ya nyoyo kama mkeka, kijiti kimoja kimoja. Moyo unaozinywa hutiwa doa jeusi, unaozikataa hutiwa doa jeupe. Mwisho moyo ule wa kwanza huwa kama chombo kilichopinduliwa, haujui jema wala haukatai baya, ila lile lililolingana na matamanio yake.

Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa hiyo. Shangazi yangu alikuwa akisuka ukili barazani, ukindu wake umeloweshwa kwenye beseni, mwekundu na wa kijani. Ukimtazama mkono huoni mkeka. Unaona ukindu mmoja unapita juu ya mwenzake, mwingine unapita chini, naye anaongea na kila apitaye. Baada ya Ramadhani kadhaa za utoto wangu nikaelewa kwamba watu wote wa nyumba ile tulikuwa tumelala juu ya mazungumzo yale.

Tazama na maneno ambayo hadithi hiyo imeyatumia. Jema ni "maaruf", asili yake ni kile kinachojulikana. Baya ni "munkar", kile kinachokataliwa, kinachoonekana kigeni. Kazi ya tamthilia, kama mtengenezaji wake anakusudia au hakusudii, ni kukichukua kitu kutoka upande wa ugeni na kukihamishia upande wa mazoea. Haikwambii "mpige mkeo". Ingekuambia hivyo ungeifunga siku ile ile. Inamleta kijana mzuri, mtanashati, ambaye umeshampenda tangu sehemu ya tatu. Anamshika binti mkono kwa nguvu, anampiga kofi, muziki unalainika, kesho analeta maua. Na waangalie waliosimama pembeni, maana somo limo kwao: hakuna anayeshtuka. Hakuna mama mkwe anayesema aibu, hakuna mjumbe anayeitwa. Ile aya ya 35 ya Suratun Nisaa, ya mwamuzi kutoka kwa jamaa wa mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa wa mke, haina mahali katika hadithi ile, kwa sababu ikiingia tu, tamthilia imekwisha sehemu ya kumi. Binti yako hakujifunza kwa kofi. Alijifunza kwa ule ukimya.

Nilipita juzi kwenye kibanda cha video Ngamiani, namtafuta mjukuu wangu, Alasiri imeadhiniwa. Mlangoni gunia, ndani mabenchi na joto. Kwenye skrini mume anamwinulia mkewe mkono, na yule DJ anayetafsiri anatia mzaha wake. Mbele yangu mtoto wa kama miaka minane alicheka kabla mkono haujafika shavuni. Alishajua hapo panachekwa.

Nisijifanye mtakatifu. Miaka ya 70 nilikuwa nikitoroka kwenda sinema ya Majestic, na baba yangu, Allah amrehemu, amekufa bila kujua. Tukitoka kwenye picha ya Bruce Lee tulirusha mateke mpaka nyumbani. Tukavaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, wazee wakapiga kelele juu ya suruali. Walikemea kisichokuwa na madhara makubwa. Mateke yaliniisha kwa mwezi, bugaluu ikawa tambara la kudekia. Kilichobaki, nami sikukijua mpaka nilipokuwa na familia, ni imani kwamba mwanamume aliyekosewa lazima alipize kwa mkono wake mwenyewe, na anayesamehe ni mnyonge. Hiyo sikuitoa chuo cha Kurani wala kwa baba. Nimehangaika nayo mpaka nywele zimeota mvi.

Kwa hiyo usihangaike sana na nguo za binti wala namna anavyofunga mtandio kwa kuiga. Lile neno alilodakia ndilo la kushikwa. Mwambie kwa lugha nyepesi kwamba Bi Aisha, aliyeishi na Mtume (s.a.w.) chumba kimoja, amesema katika Sahihi Muslim kwamba Mtume hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Na Anas (r.a.) ametusimulia, katika Sahihi Bukhari, wivu ambao wanazuoni wamesema ni wa Bi Aisha huyo huyo: alivunja sahani ya chakula iliyotumwa na mke mwenzie, mbele ya wageni, na Mtume akaokota vipande akasema, "Mama yenu ameona wivu." Basi. Hakuna kofi. (Najua wapo waume watakaoniletea aya ya 34 ya Suratun Nisaa, ile inayotaja kumpiga mke, kabla sijafunga kalamu. Waje chuoni, tutakaa nayo kwa tafsiri yake yote, si kipande.)

Mkitaka kujua hadithi ya mapenzi inavyosimuliwa bila kuuharibu moyo, someni Surat Yusuf pamoja. Mna mke wa mtu aliyemtamani kijana, mna milango iliyofungwa, mna kanzu iliyochanika. Kila kitu kimetajwa kwa jina lake, na hakuna neno moja linalomtamanisha msikilizaji. Na mwenye kosa halainishiwi muziki, husimama mwenyewe akakiri.

King'amuzi kishusheni, lakini si cha Jumamosi tu. Baba yake akae nanyi usiku mmoja, aangalie sehemu nzima mpaka mwisho, asikohoekohoe wala asiondoke katikati kupokea simu. Likija kofi, aseme pale pale, kwa sauti ya kawaida, "Huyu mimi simwozeshi binti yangu." Wewe umuulize binti: hapo nani alipaswa kuitwa? Mwache ajibu, hata kama atajibu vibaya mara ya kwanza.

Na neno la mwisho ni lako, mwanangu, kwa sababu hukuliuliza. Binti aliposema lile, bibi yake alishtuka, baba yake alishtuka. Katika barua yako nzima sikuona mahali ulipoandika kwamba na wewe ulishtuka.

Wallahu a'lam.