Beki wa milioni nne: ligeuze shati, angalia kwapani

Msimu mmoja niliachwa pointi saba na mshindi wa ligi yetu ya Fantasy hapa kazini, ule mchezo wa mtandaoni wa kununua wachezaji wa Ligi Kuu ya England kwa hela za kubuni na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Tuko watu kumi na wanane, kila mtu anatoa elfu ishirini mwezi wa nane, na wa kwanza anabeba zote. Hizo pointi saba nilizitafuta zilikodondokea. Sikuzikuta kwa Haaland wala kwa Salah, maana hao karibu wote tulikuwa nao. Nilizikuta benchi, kwa beki mmoja wa pauni milioni 4.0 niliyemchukua kwa sababu alikuwa bei chee na wiki ile nilimwona ameanza.

Alianza kwa sababu mwenye namba aliumia paja. Wiki tatu baadaye mwenye namba akarudi, na beki wangu akawa mtu wa kuingizwa dakika ya 85 kulinda ushindi. Nikamwacha hapohapo, wa kwanza kwenye foleni ya benchi, nikijiambia huyu si wa akiba tu, atanidhuru nini? Jumamosi moja kiungo wangu hakucheza kabisa. Mfumo ukamwingiza wa kwanza kwenye foleni: yule beki, dakika sita, pointi moja. Nyuma yake alikaa kiungo wa 4.5 aliyepiga dakika zote, akafunga na kuzoa bonasi tatu, zile pointi za ziada za waliong'ara kwenye mechi. Pointi kumi zimekaa benchi zinanitazama. Piga hesabu mwenyewe.

Tangu siku hiyo, mchezaji wa bei chee namchukulia kama shati la mtumba. Shati la mtumba halinunuliwi kwa kulitazama mbele likiwa limetundikwa. Unaligeuza, unaangalia kwapani, unavuta mshono wa kola. Na swali langu la kwanza si "ana pointi ngapi?" Ni "kwa nini anacheza?" Kama jibu ni kwamba fulani kaumia, basi umepanga chumba ambacho mwenyewe yuko safarini. Uliza anarudi lini. Kama ni mwezi wa nane, kumbuka dirisha la usajili huwa bado liko wazi ligi ikiwa imeshaanza, na klabu inaweza kumleta mtu wa namba ileile wiki ya pili au ya tatu. Beki wa bei chee mwezi wa nane na beki wa bei chee mwezi wa kumi ni bidhaa mbili tofauti.

Kama jibu ni kwamba kocha hana mwingine bora kwa namba hiyo, hapo kaa naye. Msimu wa 2018/19 Aaron Wan-Bissaka wa Crystal Palace aliuzwa 4.0. Mechi ya pili tu, dhidi ya Liverpool, akala kadi nyekundu kwa kumwangusha Salah. Pointi tatu zikaondoka, na adhabu ya kukaa nje juu yake. Ilikuwa rahisi kumtupa siku ileile. Lakini kadi haikubadilisha jibu la swali langu: namba ilikuwa yake. Akarudi, akacheza msimu mzima, na kiangazi kilichofuata Manchester United wakatoa pauni milioni 50 kumchukua.

Jambo la pili ni pale alipoandikwa na pale anapocheza. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vilipo vito vyenyewe. John Lundstram wa Sheffield United, msimu wa 2019/20, alikuwa kiungo uwanjani, ila kwenye Fantasy waliomwandika walimweka beki, tena wa 4.0. Novemba 2019 wakaipiga Burnley 3-0, yeye akafunga mawili. Bao la beki ni pointi sita, hivyo mawili ni kumi na mbili. Timu haikufungwa, nne. Dakika zaidi ya 60, mbili. Bonasi, tatu. Jumla 21. Angeandikwa kiungo, mabao yaleyale na mechi ileile vingempa 16. Kila mwezi wa saba orodha ya bei ikitoka, kabla sijamwangalia staa yeyote, napita mabeki wote wa 4.0 na 4.5 nikitafuta nani mechi za maandalizi amechezeshwa mbele kuliko alivyoandikwa. Ni kazi ya nusu saa na kikombe cha chai.

Penalti sitazichambua sana, zinajieleza. Cole Palmer alihamia Chelsea siku ya mwisho ya dirisha la 2023, bei yake 5.0. Bao lake la kwanza la ligi kule lilikuwa penalti, Oktoba, ugenini kwa Burnley. Alimaliza msimu na mabao 22, tisa yakiwa ya penalti. Mchezaji wa bei ya chini akikabidhiwa mpira wa penalti, mchukue wiki hiyohiyo, maswali mengine baadaye. Kona na faulo nazo zinanoga, ila si kwa kiasi hicho.

Kitu kilichonibadilisha mawazo ni sheria ya msimu wa 2025/26. Beki akifikisha jumla ya kumi katika kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupora mipira, anapata pointi mbili. Zamani nilikuwa namkimbia beki wa kati wa timu dhaifu. Sasa hebu mtazame: timu inashambuliwa dakika zote, yeye kazi yake ni kichwa, kichwa, kichwa. Wamefungwa mbili bila. Anapata mbili za kucheza, anakatwa moja ya mabao, anaongezwa mbili za jasho lake. Tatu. Kwa mchezaji wa 4.5 anayelala benchi yangu, mimi nimeridhika. Beki wa pembeni wa timu hiyohiyo mara nyingi hafikishi kumi, hivyo usinunue beki yeyote tu kwa sababu timu inashambuliwa sana.

Sasa ugonjwa wetu wa Jumapili usiku. Mtu wa 5.0 kafunga mawili, kundi la WhatsApp limechafuka, kila mtu anasema bei itapanda usiku huu. Bei ikipanda 0.1, ukija kuuza hupati hata hiyo: faida unagawana nusu na mfumo, na nusu ya 0.1 inashushwa hadi sifuri. Kwa hiyo unakimbizana na kitu ambacho mpaka kipande tena hakikupi chochote. Mimi nasubiri mikutano ya makocha na waandishi ya Alhamisi na Ijumaa. Nimewahi kukosa treni kwa kusubiri, ndiyo. Ila mara nyingi zaidi nimeokoka kumnunua mtu aliyeumia mazoezini Jumatano. Na kukatwa pointi nne za uhamisho wa ziada ili kumleta mchezaji wa 4.5 sijawahi kuona ikilipa. Mwenzangu wa dawati la pili anabisha. Naye hajawahi kubeba zile hela.

Kuhusu benchi: kama huna uhakika beki wako wa 4.0 anacheza, mpange wa mwisho kwenye foleni. Mtu asiyecheza kabisa ni nafuu kuliko anayeingia dakika ya 88, kwa sababu asiyecheza anapisha. Hii inachukua sekunde tano, na kutoifanya ndiko kulikoninyima ile laki tatu na sitini.

Halafu saa. Dirisha la kupanga timu linafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ya mapema ya Jumamosi ikiwa ya kwanza, kwetu ni saa saba kamili mchana. Mwisho wa Oktoba Waingereza wakirudisha saa zao nyuma, inakuwa saa nane. Machi wakisogeza mbele, inarudi saa saba, na kila mwaka siku hiyo kuna mtu kwenye ligi yetu anafungua simu saa saba na nusu akiwa na watatu majeruhi.